Zahanati Iliyoishia Kwenye Lenta

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima kwa dada yangu aliyekaa mtaa wa Soweto pale mjini, nikapanda ngazi za halmashauri. Afisa Mipango wa Wilaya, mzee mrefu aliyependa kuongea huku akitazama dirishani, alinionyesha meza yangu, kisha akasema:

"Binti, wewe utakwenda vijijini kuandika wanachotaka. Mimi nitabaki hapa kuandika watakachopata. Usichanganye hizo kazi mbili."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo, mkiambiwa maneno ya namna hiyo msicheke.

Tulifundishwa kwamba mpango huanzia chini. Unaitisha mkutano wa kijiji, watu wanataja shida zao, wanazijadili na kuzipigia kura mpaka wapate kipaumbele, yaani lile jambo la kufanywa kabla ya mengine yote. Halafu wanaanza wenyewe, kwa jasho na michango. Hizo tuliziita nguvu za wananchi. Wakilifikisha jengo kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, serikali inapaua na kumalizia. Jengo linalosubiri paa tunaliita boma.

Mimi nilipangiwa vijiji vya chini ya Kirua Vunjo. Mgeni akitazama migomba ya juu mlimani hudhani Uchagani kote kuna neema. Huku chini mvua hukatika mapema, mfereji unaotoka juu hufika umekauka, na kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi ya wazee, kimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka kimebaki vipande.

Kijiji ninachotaka kuwasimulia nilikiitishia mkutano Jumapili, baada ya ibada. Wanaume waliokaa mbele walitaka barabara. Walikwisha kukubaliana, nami nilikuwa nakaribia kuitisha kura, aliposimama mjane mmoja muuza maziwa, Mama Eliaichi.

"Barabara ya kunipeleka wapi?" aliuliza. "Mke wa mwanangu alifia njiani tukimbeba kitandani kwenda hospitali Himo kujifungua. Nyie mnataka kupitisha ndizi. Mimi nataka mahali pa kuzalia."

Mwenyekiti wa kijiji aliuliza, kwa sauti ya chini, zahanati yenyewe ingejengwa wapi. Mama Eliaichi akasema atakata sehemu ya kihamba chake. Watu waligeuka kumtazama. Mchagga akikukatia kihamba, amekupa alichoachiwa na waliomzaa. Kura zilipopigwa, zahanati ilishinda.

Sijaona tena watu wakifanya kazi namna ile. Wanaume walivunja mawe korongoni, wanawake wakayapandisha kwa vichwa. Kila Jumapili baada ya ibada walifanya mnada, wakinunuliana kuku na mikungu ya ndizi ili wapate saruji. Siku zege la lenta lilipomwagwa, walipika mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaimba. Mama Eliaichi alinishika mkono kwa viganja vilivyochubuka.

"Sisi tumemaliza, mwanangu. Sasa ni zamu yenu."

Nilirudi mjini nikaiweka zahanati juu kabisa katika mapendekezo ya bajeti. Kila mwaka halmashauri hupewa ukomo, kiwango ambacho matumizi hayaruhusiwi kukivuka. Mipango ikivuka, kuna mradi utakaokatwa. Afisa Mipango alishika kalamu yake, akaikata zahanati bila kuketi.

"Tunamalizia ukumbi wa mikutano kwanza," alisema. "Viongozi wakija watakaa wapi?"

Mwaka uliofuata niliirudisha, ikakatwa kwa ajili ya gari. Mzee yule alistaafu, akaja mwingine. Wakurugenzi nao walikuja na kuhamishwa, kila mmoja na miradi yake. Majani yaliota ndani ya boma. Mbuzi wakawa wanajikinga jua humo.

Kisha Eliaichi mwenyewe, binti wa yule mama, alishikwa na uchungu. Walimpakia kwenye bodaboda, mwanamke mwingine akikaa nyuma kumshikilia. Alifika Himo akiwa hai. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Nilikwenda kutoa pole. Mama Eliaichi alikuwa akimnywesha binti yake mtori, supu ya ndizi wanayopewa waliojifungua. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nimekata kihamba bure."

Haukupita muda mrefu Mkurugenzi aliagiza kila kijiji kichangie maabara ya sekondari. Kijiji kile kilikataa. Katika kikao cha wakuu wa idara, Mkurugenzi alinigeukia. "Mama, andika kwamba wananchi wa pale hawana mwamko wa maendeleo."

"Wamejenga mpaka lenta, mheshimiwa. Waliolala ni sisi."

Wiki hiyohiyo nilihamishiwa chumba cha takwimu, kule nyuma karibu na stoo, nikabaki huko mpaka nilipostaafu.

Nilikuwa huko niliposikia kwamba wanakijiji wanabomoa boma. Walijikusanya asubuhi kama walivyokusanyika kulijenga, kila kaya ikachukua mawe yake. Mgambo waliwakamata Mama Eliaichi na wenzake, wakawapeleka ofisi ya kata. Mkurugenzi alikwenda na gari, nami nikachukuliwa kwa kuwa nilikuwa nawafahamu.

"Unajua adhabu ya kuharibu mali ya umma?" alimuuliza.

Mama Eliaichi alikuwa amekaa kwenye benchi, vumbi la chokaa kwenye khanga yake. "Mawe nimeyabeba mwenyewe," alisema. "Kama kuna bati lako humo, baba, nionyeshe nikurudishie."

Mkurugenzi aliwaachia jioni ile. Hakukuwa na shtaka ambalo angelisoma mbele ya hakimu bila kuaibika. Lakini katika taarifa ya mwaka iliandikwa hivi: mradi umefutwa, wananchi wamebomoa wenyewe. Na kile kipande cha kihamba hakikurudi kwa mwenyewe. Mpaka leo ni eneo la umma, limejaa miiba, na Mama Eliaichi haruhusiwi kupanda mgomba hata mmoja.

Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani. Walinishukuru kwa mchango wangu katika maendeleo ya wilaya. Nilipokea, nikapiga picha na wenzangu, nikaenda nyumbani nikalia.

Juzi alinijia afisa mipango kijana, mwenye adabu, na kishikwambi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alisema kijiji kile kinafikiriwa tena kwa zahanati, ila kila anapoitisha mkutano hakuna anayekuja. "Wewe bado wanakuheshimu, mama. Tukienda wote watakuja."

"Fedha zipo?"

Aliinamisha macho. "Zipo kwenye mchakato."

Nilimpa chai, nikamwambia siendi. Aliondoka akiamini nina hasira na ofisi, na kweli ninayo. Lakini nilikuwa namfikiria Mama Eliaichi, ambaye sasa anatembelea mkongojo. Ningekwenda, angenisikiliza. Angewaita wenzake, nao wangeshuka korongoni kuvunja mawe.