Loisi na Mbwa Asiyejua Kula Peke Yake

Siku Violeth alipomletea mama yake mbwa ndani ya boksi la viatu, mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Nakiri mapema, kabla hajalisema mtu mwingine hapa Ihumwa. Boksi lenyewe lilikuwa la viatu vya mtoto, na mbwa alilala humo nafasi ikabaki.

"Mama Munira, usicheke," Violeth aliniambia. "Huyu ni chiwawa. Hata akikua, hatakuwa mkubwa kuliko paka."

Mama yake, Loisi Ndahani, hakucheka wala hakushukuru. Ni mjane wa miaka sitini, mfugaji mtoto wa wafugaji. Ana mbuzi arobaini na mbwa jike mmoja aitwaye Polisi, kifua kipana, ambaye mwezi uliotangulia alimuua nguchiro mbele ya macho yangu kisha akarudi kulala. Mimi ni mtu wa Tanga, nililetwa Dodoma na ofisi, na kwa miaka sita uzio wa minyaa ndio pekee unaotutenga. Katika miaka hiyo sijaona mwanambuzi aliyezaliwa hai akafia mikononi mwake. Watu wote wanalijua hilo, na yeye anajua kwamba wanalijua.

Violeth alikuwa amehamishiwa kazi Kigoma, safari Jumatatu. Hakutaka kumwacha mama yake na nyumba tupu, na mwenzake ofisini alikuwa na mbwa aliyezaa watoto sita. Ndiyo maana ya boksi.

Sasa Loisi akampokea mgeni kama anavyojua yeye kupokea mbwa. Akamfunga kamba ya mbuzi, nene kuliko shingo yenyewe, akamweka nje karibu na zizi, akamtilia ugali na mfupa. Mfupa ulimzidi mbwa urefu. Tena ilikuwa Julai, na Julai ya Dodoma ina upepo unaopenya mpaka kwenye meno. Violeth alipotoka kuoga akamkuta anatetemeka, macho yamelegea, alipiga kelele nikadhani nyumba inaungua.

Kesho yake, Alhamisi, wakamwita bwana mifugo wa kata, kijana mmoja mpole anaitwa Octavian. Alimsalimia Loisi shikamoo, akampima mbwa.

"Mama, hawa wadogo hawana akiba mwilini. Akikaa nusu siku bila kula, nguvu zinaisha. Mpake asali kwenye ufizi, mweke penye joto, mpe kuku wa kuchemsha kidogo kidogo. Lakini nisikufiche, sidhani kama ataiona Jumatatu." Akafungua daftari. "Jina lake?"

"Hana," Loisi akasema. "Mnyama simpi jina mpaka nijue anabaki."

Octavian akaandika kistari mahali pa jina.

Violeth akaanza kulia, akataka kumrudisha mbwa alikotoka. Loisi akakataa katakata. Mnyama aliyeingia kwake, alisema, hatoki akiwa anakufa. Mbele ya binti yake alikuwa mkavu kama mti. Ila Ijumaa alipokuja kwangu kuomba asali, alikaa kwenye ngazi akasema, "Baba yake Violeth kaondoka, Violeth anaondoka. Nikishindwa hata na haka, Mama Munira, nitajua hii nyumba haikai kitu tena." Nilimpa chupa nzima.

Siku hiyo yote alimbeba kifuani ndani ya kitenge, akimpaka asali kwa kidole. Asali aliilamba. Nyama ya kuku hakuigusa, hata ilipochambuliwa laini kama uzi. Alichofanya ni kulialia na kusukuma pua yake kwenye kitenge, upande wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena. Mimi niliona mbwa anakufa. Loisi alimtazama kwa muda mrefu, na Jumamosi asubuhi aliniita uzioni.

"Huyu haumwi," alisema. "Anatafuta wenzake. Walikuwa sita, hajawahi kula bila kusukumana na mtu. Hajui kula peke yake."

Kisha akasema anampeleka kwa Polisi.

Nilimwambia amechanganyikiwa. Nikamkumbusha nguchiro. Akanijibu kwamba mbuzi akimkataa mtoto, unampaka mtoto chumvi mgongoni. Mama ataanza kwa kulamba chumvi, na akishalamba vya kutosha hamkatai tena. Polisi hana haja na chumvi, lakini mafuta ya mbuzi anayapenda kupita kiasi.

Akampaka yule mdogo mafuta kuanzia masikio hadi mkia. Akapiga magoti uwanjani, mkono mmoja umeshika shingo ya Polisi, mwingine umemweka mbwa chini. Violeth alifumba macho. Mimi, ambaye mate ya mbwa yakinigusa ni kuosha mara saba, nilijikuta nimevuka uzio na fagio mkononi.

Polisi akaunguruma. Mdogo akajilaza. Ule mdomo uliovunja nguchiro ukashuka, ukanusa, na ulimi ukatoka. Alilamba mara moja, akasita, akalamba tena, akamlamba mpaka akambiringisha. Loisi akalegeza mkono, halafu akauondoa kabisa. Kisha akasogeza bakuli moja kwa wote wawili. Polisi alipoinamisha kichwa kula, yule mdogo akajipenyeza chini ya shavu lake, akasukuma, akala.

Loisi alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakashtuka. Nami nilipiga. Fagio sijui nililiacha wapi.

Jumatatu Violeth alipanda basi akicheka, maana mbwa alikuwa amelala juu ya tumbo la Polisi, ameshiba.

Mwezi wa tisa ikaja chanjo ya kichaa cha mbwa pale ofisi ya kata. Loisi alimshika Polisi kwa kamba. Boksi nililibeba mimi, la viatu vya mtu mzima safari hii. Foleni nzima ilituangalia na kucheka. Mzee mmoja akauliza kama siku hizi na panya wanachanjwa. Loisi hakugeuka.

Octavian alimdunga mdogo sindano, naye akambwekea kwa ujeuri uliompita mwili. Octavian akachukua kadi.

"Jina, mama? Au bado?"

"Jumatatu."

Kalamu ikasimama. Octavian akamtazama mbwa, akamtazama Loisi, akakumbuka.

"Andika yote," Loisi akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Jumatatu Ndahani."