Mama Anameza Dawa kwa Maziwa Mabichi

Asalaam aleikum wenye ukurasa na nyinyi wasomaji. Jina langu lifunikeni kabisa, Isiolo ni ndogo na midomo ni mingi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, Mborana, kwetu ni Chechelesi. Niko chuo kikuu Nairobi, nasomea utamaduni, historia na afya ya Waafrika. Majirani hunicheka: "Ati unasafiri mpaka Nairobi kusomea mila zetu? Si ungekaa na mama yako usome bure!" Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi sina hamu.

Mama yangu anaugua homa ya kuja na kwenda tangu mwaka jana. Jasho, mgongo, magoti, hata kuswali anaswali ameketi. Kila mara alipewa dawa ya malaria, akapata nafuu kidogo, homa ikarudi. Siku moja darasani mwalimu akatufundisha homa inayotokana na maziwa mabichi, na kila dalili aliyotaja ilikuwa ya mama yangu. Nilitoka nje nikalia. Likizo ilipofika nikampeleka hospitali, daktari akampima damu, akasema ndiyo yenyewe. Akampa vidonge vya wiki nyingi na onyo: maziwa yachemshwe, la sivyo ni kazi bure.

Sasa jamani, nani atachemsha maziwa kwetu? Ya chai huchemshwa, lakini yamechanganywa na maji, hayo hayahesabiwi. Lakini maziwa ya kunywa ni ya kibuyu kilichofukizwa moshi, na kwa ukoo wa baba ni mwiko kuyaweka motoni. Wanasema unamchoma ng'ombe mwenyewe. Mimi niliyachemsha mchana kweupe, mbele ya baba, nikamweleza yote. Akachukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe.

Wiki hiyo hiyo ng'ombe wetu mwekundu akatupa mimba. Ya Rabbi! Ugonjwa ule ule wa mama ndio unaofanya ng'ombe watupe mimba, nimeusoma, naujua! Nikasema, "Baba, huyu alikuwa mgonjwa kabla sijawasha moto." Akaniangalia kama mgeni.

"Wakati wa vita vya shifta mifugo yetu yote iliisha," akasema. "Hawa nimeanza na ndama mmoja. Wewe umeenda kusoma mila yetu ndiyo uje kuiua?"

Tangu siku hiyo haitikii salamu yangu. Shangazi naye anazunguka kwa majirani akisema Nairobi imenipa jicho baya.

Mama hagombani na mtu, na hiyo ndiyo inaniua. Vidonge anameza vyote, wallahi, lakini anameza kwa maziwa mabichi. Nikimletea yaliyochemshwa anayasukuma kando polepole. "Mwanangu, baba yako ameumia vya kutosha. Nikinywa haya atasema tumemgeuka wote wawili. Wacha ninywe ya ng'ombe wake, mengine tumwachie Mungu." Na chakula kingine tumbo linarudisha. Maziwa ndiyo yanayomweka hai.

Homa imerudi, kali kuliko kwanza. Chuo kinafunguliwa hivi karibuni. Nikienda, hakuna wa kumtetea. Nikibaki, nabaki kutazama tu. Nimeongea na shehe, akasema nimtii baba. Nimerudi kwa daktari, akasema nimlazimishe mama. Yeye hamjui baba yangu.

Mikono ya mama sasa inatetemeka, hawezi kushika kikombe, na hataki mtu mwingine amnyweshe ila mimi. Nikikataa analala njaa. Nikikubali, namnywesha ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyesomeshwa. Jana nilimshikia. Alikunywa yote, akanishika kichwa, akaniombea dua nifaulu mitihani.

Sasa hivi ananiita tena, anataka maziwa yake. Ndugu zangu, niambieni: nimshikie kikombe, au nimnyime?