Kutoka Uwanja wa Ndege Mpaka Jikoni kwa Mkwe

Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege wa Unguja, mama alikataa mfuko wake uwekwe kwenye buti. Ulikuwa na unga wa uwele aliousagisha mwenyewe Utemini, kwetu Singida, akaupakata njia nzima angani.

"Uji wa mzazi haukai na tairi la akiba," alimwambia dereva.

Kijana wa watu akacheka. "Haya, bi mkubwa, upakate. Niwapeleke hoteli gani?"

"Hoteli! Mimi nakwenda kwa mwanangu."

Dada yangu alikuwa amejifungua Jambiani, kwenye nyumba ya wakwe zake nyuma ya hoteli za ufukweni. Mama hakuwahi kufika huko, wala kumwona mama wa mkwewe, maana siku ya harusi kule Singida mwenzake alikuwa mgonjwa. Sasa huyo huyo ndiye aliyekuwa akimpikia dada, na hilo ndilo lililomnyima mama raha.

"Nitakalishwa sebuleni nipewe soda," aliniambia gari lilipoondoka. "Mwanangu anyweshwe uji na mtu mwingine, mimi natazama kama mgeni."

Tulipita chini ya miembe mirefu iliyofunika barabara, tukapita msitu ambamo kima wekundu walivuka mbele yetu bila haraka. Mama hakugeuza hata jicho. Tulipoingia Jambiani tu ndipo aliponyoosha shingo. Kati ya kuta mbili za hoteli mchanga ulikwenda mbali, mweupe kama unga, ngalawa zimelala juu yake.

"Bahari yenyewe iko wapi?"

"Imetoka kidogo, bi mkubwa. Alasiri itarudi."

"Basi ina adabu. Ziwa letu likiondoka haliagi."

Nilifurahi kumsikia akitania. Lakini nilipomwonyesha nyumba, alimgusa dereva begani. "Simama hapa hapa."

Kwetu mama wa binti hafikishwi na gari mpaka mlangoni kwa wakwe. Husimama mbali, mzigo miguuni, mpaka watoke wampokee. Tukashuka, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta wa hoteli. Watalii wawili walitupungia mikono. Mama akawasalimia kwa Kinyaturu, salamu ndefu ya heshima, nao wakaisikiliza mpaka mwisho. Kule nyumbani mlango ulikuwa wazi, pazia linapepea. Hakuna aliyetoka.

"Umeona?" Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hawanitaki."

Nikampigia dada simu, nikaweka sauti kubwa.

"Mko wapi nyie? Chakula kinapoa! Mama mkwe amekaa nyuma ya pazia tangu asikie gari, anasubiri hodi. Anauliza mama ana kinyongo gani, afike mpaka hapa halafu agome kubisha."

"Hodi?" Mama aliichukua simu. "Nibishe mlango wa mkwe kama polisi?"

Dada alicheka mpaka akakohoa, kisha tukamsikia akimweleza mtu aliye karibu naye. Halafu pazia likavutwa kando, akatoka mwanamke mnene, peku, anakata mchanga mbio mbio huku ameshika mtandio usianguke.

"Mkwe! Kumbe mwenzangu wanisubiri, na mie nakusubiri! Tungeonana lini, siku ya Idi?"

Walikumbatiana, wakaachana, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Kisha mwenyeji wetu akainama, akaubeba mfuko kichwani kabla sijauwahi.

"Mzito huu! Una nini?"

"Uwele," mama alisema taratibu. "Uji wa mzazi."

"Wallahi sijapata kuupika. Hupikwa vipi?"

"Hauna kazi. Unataka moto wa polepole tu, na mtu asiyebanduka."

"Basi mie nitachochea moto wa makumbi ya nazi, mwiko ushike wewe. Na leo unionjeshe."

Mama alijifunga kanga kiunoni pale pale barabarani, akatangulia kuelekea kwenye ule mlango uliokuwa wazi.