Fundi Gitobu na Seli za Goti

Gitobu alikuwa ametengeneza vyerehani kwa miaka thelathini na mmoja pale Majengo, mjini Meru, na hakuna mteja aliyewahi kumletea goti la ng'ombe. Jumatatu hiyo mwanamke mmoja wa makamo alilitua juu ya meza yake, limefungwa kwa gazeti lililoanza kulowa.

"Hodi, mzee. Unisamehe kwa uchafu huu. Naitwa Kanini, nafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Nimetoka buchani hapo karibu na msikiti. Wameniambia nikitaka mashine ambayo haijawahi kutengenezwa, nije kwako."

"Hao wa bucha wanapenda kunitania," alisema Gitobu, lakini tayari alikuwa ameinama kuangalia.

Kanini alifunua gazeti. Pale mifupa miwili inapokutana palikuwa na utando mweupe, unaong'aa kama sahani mpya. Alimwambia aguse. Gitobu akapitisha kidole. Kilikuwa kitu kigumu kidogo, kinateleza kuliko chuma chochote alichowahi kukitia mafuta.

"Hii ndiyo gegedu," Kanini alieleza. "Haina mshipa wa damu hata mmoja. Ndani yake kuna seli zinazokaa mbali mbali, kila moja peke yake, na kazi yake ni kuitunza na kuijenga. Nataka kujua zinafanya nini zikibanwa, kama vile goti linavyobanwa mtu akitembea."

"Kwani seli inajua imebanwa?"

"Inajua, mzee. Inahisi, halafu inabadilisha kazi yake."

Gitobu aliweka bisibisi chini. Alikuwa ameishia darasa la saba, na maisha yake yote alikuwa ameshughulika na vitu visivyohisi. Alisimama, akaanza kutembea kati ya mlango na meza huku akihesabu kwa sauti na kutazama saa ya ukutani. Mguu wa kulia ulikanyaga chini mara hamsini na tano kwa dakika moja.

"Mota ya cherehani haifai. Ina haraka mno," alisema. Kisha akasimama ghafla. "Waipa! Mota ya waipa ya gari!"

Kanini alimtazama bila kuelewa.

"Ile inayofuta kioo mvua ikinyesha. Inaenda pole, kama mtu anayetembea. Na betri ya gari inaiendesha, hata stima zikipotea mashine haisimami."

Siku iliyofuata alikuwa gereji, akifungua waipa kwenye pikapu kuukuu ambayo mwenye gari alikuwa amekata tamaa nayo. Wiki mbili mfululizo vyerehani vya watu vililala kwenye rafu. Wateja walinung'unika, naye aliwajibu kwa uso wa furaha kwamba alikuwa anatengeneza mashine ya kutembeza seli. Walimwona amechanganyikiwa.

Kazi haikuwa rahisi. Kanini alikuwa akizitoa seli kwenye gegedu na kuzitia ndani ya vipande vya jeli, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha koti na unene wa milimita nne. Mashine ilipaswa kubana sehemu moja tu kati ya kumi za unene huo, basi. Ikizidi sana, seli zingekufa.

"Sehemu moja kati ya kumi ya milimita nne," Gitobu alirudia. Akafungua droo, akatoa nyembe nne mpya, akazipanga moja juu ya nyingine. "Pima hizi."

Kanini alizipeleka maabara na kuzipima. Zilikuwa milimita sifuri nukta nne, kamili. Alimpigia simu akiwa bado ameshika kipimo mkononi, na wote wawili wakacheka kama watoto.

Basi nyembe nne ndizo zilizoamua bamba la mashine lishuke kiasi gani. Mota ilikaa nje ya kabati la joto ambamo maabara hutunzia seli, kwa kuwa ndani kulikuwa na unyevu wa kutia chuma kutu, na fimbo nyembamba ikapita kwenye tundu la ubavuni. Ndani yalikuwa mabamba mawili, kila moja likibana vipande vyake vya jeli na kuinuliwa na springi yake. Vipande vingine viliachwa pembeni, bila kubanwa, ili vilinganishwe. Mashine ingefanya kazi saa tatu kila siku, kwa wiki nne.

Hakuna aliyemwomba Gitobu arudi, lakini kila asubuhi alipitia chuoni kabla ya kufungua duka. Alisimama karibu na kabati, akasikiliza mashine yake ikienda tu-tu, tu-tu.

Siku ya kumi aliinua mkono. "Daktari, moja haiongei."

"Mashine inazunguka, mzee. Angalia."

"Inazunguka, ndiyo. Lakini nasikia bamba moja tu. La pili limenyamaza."

Walifungua. Springi ya bamba la pili ilikuwa imelegea, na bamba lilikuwa limelala juu ya jeli bila kuinuka. Lilikuwa likibana usiku na mchana, na hakuna aliyejua tangu lini. Kanini aliketi kwenye kiti. Siku kumi za kazi! Akanyoosha mkono kuvitoa vile vipande avitupe.

"Usitupe," Gitobu alisema. "Mtu anayetembea anakanyaga, anainua. Huyu hapa amekanyaga, hakuinua. Wewe hutaki kujua anakuwaje?"

Kanini alimkodolea macho. Kisha akaanza kutabasamu. "Mzee Gitobu, hilo ndilo swali lenyewe. Liache bamba palepale lilipo."

Wiki ya nne ilipoisha, Kanini alikata jeli vipande vyembamba sana na kuvitia rangi ya buluu inayoshika tu kile seli ilichojenga kuizunguka. Gitobu alikuja amevaa shati la kanisani. Kanini aliangalia kwanza kwenye hadubini, akaangalia tena, halafu akapiga kelele iliyowaleta watu wa ofisi ya pili mlangoni.

"Njoo uone! Njoo, mzee!"

Gitobu aliinama. Vipande visivyobanwa vilikuwa na seli zenye pete nyembamba za buluu. Vya bamba lililolala vilikuwa karibu vitupu, buluu yake hafifu kama maji ya kusuuzia. Kisha Kanini akaweka vile vilivyobanwa na kuachiliwa. Kila seli ilikuwa imevaa pete nene, nzito, buluu ya kukolea, moja baada ya nyingine, hadi ukingoni mwa kioo.

"Hizi zimejenga," Gitobu alinong'ona. "Zimehisi mashine yangu, zikajenga!"

Kanini alimkumbusha kwamba mara moja haitoshi. Springi zikabadilishwa, wakarudia mara mbili zaidi, safari hii bamba la pili likizuiwa makusudi. Mara zote mbili majibu yalikuwa yaleyale.

Nyumbani, mkewe Makandi alisikia habari za pete za buluu mpaka akazizoea. Yeye mwenyewe alikuwa na goti bovu, na kwa karibu mwaka mzima alikuwa hatoki kwenye kiti akiogopa kulimaliza.

"Mama Kendi, ukikaa tu, hazijengi," Gitobu alimwambia.

"Kwani mimi ni jeli, Baba Kendi?"

Gitobu alimuuliza Kanini, naye akamjibu bila kuficha kwamba seli za ng'ombe kwenye jeli si goti la mama mtu mzima, na kwamba Makandi aonwe na mtaalamu. Walikwenda hospitalini Nkubu. Mtaalamu wa viungo, kijana mtulivu aitwaye Mugendi, alimpima, akampa mazoezi ya polepole ya kukaza misuli ya paja, na mwendo mfupi kila siku wenye mapumziko katikati. Wiki za kwanza Makandi alilalamika njia nzima. Mwezi wa tatu alikuwa akienda sokoni na kurudi kwa miguu. Goti halikupona kabisa, na asubuhi za baridi bado linamsumbua, lakini kiti sasa kinakaa wazi sehemu kubwa ya siku.

Mwaka huu chuo kimemwagiza Gitobu mashine kubwa zaidi, yenye mabamba sita, kila moja na mwendo wake. Wageni walipokuja kuona ile ya kwanza, mmoja wao aliuliza nani aliyeibuni. Kanini akamsukuma fundi mbele. Gitobu alifuta mikono kwenye suruali, akaanza kueleza kwa Kiswahili chake chenye Kimeru ndani, kwanza taratibu, halafu kwa kasi, mikono ikipanda na kushuka hewani, mpaka wageni wote wakawa wamemzunguka na hakuna aliyekuwa akiitazama mashine.