Treni ya Ekenäs

South Beach, Durban. Simu ya dada yangu Furaha ilinikuta dukani nikibadilisha kioo cha simu ya mteja. "Kaka, Mama iko mgonjwa sana, iko anakuita tu. Kuja mbiyo! Ukifika Karis, panda treni ya Ekenäs, usipande ingine." Yeye na Mama walipelekwa Finland kama wakimbizi, mimi nikabaki. Tangu hapo sikumwona Mama tena. Visa ilipotoka, niliondoka bila hata kuaga kanisani.

Helsinki. Baridi iliniuma mpaka meno. Njia nzima nilimwomba Mungu jambo moja tu: amngojeshe Mama mpaka nifike.

Karis, mchana. Treni fupi ilikuwa imesimama, ubaoni imeandikwa Tammisaari. Sikuuliza mtu. Mimi niliyezoea fujo za Warwick, stendi kubwa ya Durban, niulize njia kwenye stesheni yenye watu watatu? Nikakaa kwenye benchi, nikaitazama ikiondoka.

Bibi mmoja mwenye mbwa akaniuliza kwa Kiingereza nasubiri nini.

"Treni ya Ekenäs."

"Si ndiyo hiyo imeondoka! Tammisaari ni Kifini, Ekenäs ni Kiswidi. Mji ni uleule."

Mimi, ninayewacheka wageni wanaokataa basi la Thekwini, jina la Kizulu la Durban, eti wao wanataka Durban! Hujafa hujaumbika. Treni nyingine ilikuwa mbali bado, na muda wote huo nilizunguka pale nikijitukana kwa sauti. Hata mbwa alinikimbia.

Ekenäs, jioni. Kuna nyumba nzuri za mbao karibu na bahari, lakini sikuwa na macho ya kuziangalia. Furaha alinipokea mlangoni mwa wodi, macho mekundu. "Alikuwa anauliza, 'Bahati iko wapi? Bahati iko wapi?' Sasa amenyamaza."

Mkono wa Mama ulikuwa bado una joto. Nilimsemesha mpaka sauti ikakauka, hakunijibu. Kesho yake asubuhi alifariki. Tulimzika hukohuko kwa nyimbo zetu, mchungaji wa huko akitusubiri kwa heshima.

Durban tena. Mama mmoja Mrundi aliingia dukani na simu sikioni, akiongea na mdogo wake aliyekwama Johannesburg. "Anasema iko basi ya Thekwini tu, ya Durban haiko." Duka zima likaangua kicheko.

Nilimnyang'anya simu. "Panda, ndugu yangu! Panda hiyohiyo, sasa hivi!"