Mtoto wa Kilimanjaro Kwenye Theluji ya Dubai

Anayehubiri ukweli hana budi kuanza na wake, ndiyo maana naandika haya.

Katika nyumba tunayochangia mtaa wa Al Nahda, mimi ndiye mwenye digrii, hata wenzangu huniita Mwalimu, na mimi ndiye niliyemkemea Ssali, mlinzi kutoka Uganda, kwa kumdanganya madam wake kwamba anaumwa. Mwezi uliopita Achieng, rafiki yetu Mkenya, alitualika tukateleze kwa skii kwenye ukumbi wa theluji ulio ndani ya duka kubwa.

"Mwalimu, si wewe ni wa Moshi?" akaniambia. "Theluji umezaliwa nayo. Utatufunza."

Nilitabasamu tu. Kunyamaza, nilijiambia, si kudanganya.

Ijumaa iliyofuata, juu ya mteremko, niliwahutubia kwa kirefu kuhusu kukunja magoti na kuuheshimu mlima.

"Yalla, Mwalimu, tuonyeshe!" akasema Ssali.

Nikajisukuma. Skii moja ilikwenda kushoto, nyingine kulia, nami nikashuka kwa tumbo hadi miguuni pa bibi mmoja aliyekuwa akiwatazama wajukuu wake.

"Masikini mwanangu, umeumia?" akauliza kwa Kiunguja safi.

Adabu haikuniacha hata pale. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Kilimanjaro."

"Na theluji huijui?"

"Tunaiona kwa mbali, bibi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuigusa."

Nilipoinua kichwa, Ssali na Achieng walikuwa wamesimama nyuma yangu, wima kabisa. Ssali akaniinua, akanipangusa theluji mabegani kwa upole.

"Basi, Mwalimu," akasema, "hata mimi siku ile niliumwa kwa mbali."