Lala Nyuma Kwanza, Fundi

Nakumbuka siku moja ya masika, miaka ile ya wakimbizi, gari la zahanati ya Murusagamba liliingia kwenye gereji yetu pale Ngara mjini likiwa limeinamia upande wa kushoto. Weka hiyo spana chini, mwanangu, ukae. Najua nyie wa siku hizi mna haraka, mnachomeka waya kwenye gari mnangoja simu iwaambie ugonjwa. Hili ninalokueleza simu haitakuambia.

Barabara zetu wakati ule zilikuwa zimekwisha. Malori ya chakula cha kambini yalikuwa yanapishana kutoka Biharamulo mpaka huku kwetu, na mvua ikinyesha, kila yanapopita yanaacha mashimo. Springi zilikatika ovyo, na sisi mafundi dawa yetu ilikuwa moja: kuongeza jani, vile vyuma bapa vinavyopangwa kufanya springi. Unatoa jani lililokatika, unaweka zima, kisha unapachika na jani nene la lori. Gari linanyanyuka nyuma. Madereva wa Ngara waliita hiyo kuinua mkia, na walishindana mkia wa nani uko juu. Dereva mwenye gari lililokaa chini alitaniwa kila anaposimama. Usicheke, hata mimi nilikuwa napenda kuliangalia gari likiwa limesimama vile.

Basi gari la zahanati lilikuwa limekatika springi ya nyuma, kushoto. Mwenye gereji, Mzee Hamisi, alikuwa amekwenda Mwanza kutafuta vipuri, kwa hiyo fundi nilikuwa mimi. Nikafanya kama tulivyozoea. Kabla ya adhuhuri gari lilikuwa limesimama, mkia juu, na dereva wake, Benadi, alikuwa analizunguka huku akitabasamu.

Ndipo akaingia Mama Skola. Huyu alikuwa mkunga wa zahanati ile, alikuwa amekuja mjini na gari hilo, mtu mzima, mkali, hana maneno ya kupamba. Kila safari ya mgonjwa, yeye ndiye aliyekaa nyuma pamoja naye. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, akaliangalia gari, akafungua mlango wa nyuma.

"Fidelis, panda ulale hapo kwenye kitanda," akaniambia. "Benadi, twende barabara ya Mugoma."

Nikadhani ananitania. Nikapanda, nikalala, yeye akakaa kwenye benchi pembeni. Mwanangu, sikufika mbali. Shimo la kwanza liliniinua mgongo ukaachana na godoro. La pili kichwa kikagonga chuma. Nilishika kingo za kitanda kwa mikono yote miwili na bado nilirushwa. Springi zile zilikuwa ngumu hazipindi hata kidogo, kila jiwe la barabarani lilikuja moja kwa moja kwenye mbavu zangu. Mama Skola alikuwa ameshika bomba la dirishani, ananitazama. Alimwacha Benadi aendelee mpaka nilipoomba asimame.

"Hapo ulipolala," akasema, "kesho asubuhi atalala Dafroza."

Dafroza ni dada yangu tumbo moja. Alikuwa na mimba kubwa, na nilijua amelazwa zahanati, lakini nilidhani ni kupumzika tu. Mama Skola akanieleza pale pale barabarani. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Damu ilikuwa imeshaanza kumtoka kidogo. Ilikuwa lazima aletwe hospitali ya huku mjini apasuliwe kabla mvua haijakata barabara, na akirushwa njiani namna ile, damu inaweza kufunguka na yeye mkunga hana cha kuizuia.

Niliogopa, sikufichi. Nikamwambia mama, basi tutafute gari lingine. Akanijibu kwamba magari yote yenye nafasi yameinuliwa mikia na mafundi kama mimi. Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka leo najiuliza kwa kila gari: "Springi hii inakatika kila masika, na ni upande huo huo wa kushoto. Kwa nini?"

Nilipata hasira, tena hasira nzuri, ile inayokufanya ukunje mikono ya shati. Nikamwambia, mama, kapumzike, gari hili litakuwa tayari.

Tuliporudi nikafumua kila kitu. Benadi akaanza kulalamika. "Unalishusha? Wenzangu watanichekaje?" Nikamwambia akachekwe huko mbali, aniletee jeki. Nikaliokota lile jani bovu nililokuwa nimelitupa. Lilikuwa limekatika katikati kabisa, penye tundu la bolti. Jani lililoelemewa na mzigo huwa halikatiki hapo likiwa limebanwa vizuri. Likikatika hapo, ujue lilikuwa linacheza. Nikakagua zile yubolti, bolti zilizopindwa zinazobana springi kwenye ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu. Kwa sababu tulikuwa tumeongeza unene kila mara, yubolti zilikuwa fupi, nati zimeshika nyuzi za mwishoni tu. Dawa yetu ndiyo iliyokuwa inalegeza gari.

Nikachukua kamba ya mgomba, nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kulia, halafu kushoto. Hazikulingana. Ekseli ilikuwa imesogea nyuma upande wa kushoto. Bado nikajiuliza, kwa nini kushoto? Nikaenda kwenye sheko, kile kipande kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi. Mwanangu, springi ikibonyea inarefuka, na sheko ndiyo inayoipa nafasi kwa kubembea. Ya kulia ilibembea. Ya kushoto ilikuwa imeganda kwa kutu na udongo, nikaipiga nyundo haitikisiki. Springi ya watu ilikuwa imefungwa miguu, nasi kila mwaka tunaiongezea mzigo wa chuma.

Sikula siku hiyo. Pini ya sheko niliilowesha oili, nikaigonga, nikailowesha tena, mpaka ikatoka. Bushi zinazovishwa kwenye pini zilikuwa zimekwisha na mpya sikuwa nazo, nikachonga nyingine kwa mpira wa tairi la lori. Yubolti nikazitoa kwenye gari bovu lililokuwa uani. Nikarudisha majani ya gari lenyewe tu, nikayasugua, nikayapaka grisi, ekseli nikairudisha mpaka kamba ikalingana pande zote. Nikalishusha gari likae kwa magurudumu yake, ndipo nikakaza pini za mwisho. Jua lilikuwa linazama, na mkia wa gari ulikuwa chini. Benadi alikataa kuliangalia.

Alfajiri nilipanda mwenyewe nyuma, nikalala, tukaenda tena ile barabara. Mashimo yalikuwepo yote, lakini sasa mwili ulikwenda nayo, haukurushwa. Tuliposimama nikakaza yubolti upya, maana zikishabeba safari ya kwanza hulegea. Ndipo tukaenda Murusagamba na Mama Skola.

Wakati wa kurudi nilikaa sakafuni, karibu na kichwa cha dada yangu. Tulipofika Nyakisasa nikaomba tusimame, nikaingia chini kwenye tope, nikakaza tena. Benadi safari hii hakulalamika. Nilimuuliza Dafroza kama anaumia. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akafumba macho. Ile njia yote Mama Skola alikuwa akiangalia kitambaa chini yake, na kila alipoangalia nami nilimwangalia yeye usoni.

Hospitali walimpokea, wakampasua mchana ule ule. Mtoto alikuwa wa kike, akalia. Dafroza naye akafumbua macho jioni. Nililia mbele ya watu, wala sikuona haya. Mama Skola alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akasimama karibu yangu.

"Leo sikushika bomba," akasema, akaenda zake kunawa.

Mwanangu, hakuna aliyewahi kunisifu kuliko hivyo. Basi sikiliza. Kitu kikikatika mahali pamoja mara ya pili, usikipe nguvu zaidi, tafuta kinachokikata. Usilione gari limesimama vizuri ukadhani limepona. Kabla hujamkabidhi mwenyewe, lala nyuma, pale atakapolala mtu ambaye hawezi kukwambia anaumia. Na akija mtu asiyejua jina la bolti hata moja akakuuliza kwa nini, usimkasirikie, keti umtafutie jibu.

Mungu akubarikie mikono yako. Akupe ukaidi wa kutokwenda nyumbani kabla hujaujua ugonjwa, na kila atakayepanda gari ulilogusa wewe ashuke akiwa mzima, yeye na alichobeba.